Mtandao Usio na Mwenyekiti: Maneno kwa Anayetaka Kubadili Kanuni Zake

Vijana wanaoniandikia wakitaka kuanza kuchangia kwenye mitandao ya sarafu za kidijitali huuliza swali moja kabla ya yote: nani anaamua? Wanataka jina la mtu, au la ofisi, au angalau anwani ya kupelekea maombi. Nawaelewa. Tumekulia kwenye vikoba, vyama vya ushirika na kamati za harusi, ambako kila jambo lina mwenyekiti, katibu na mhazini, na ukitaka kubadili katiba unajua mlango wa kubisha.

Bitcoin haina mlango huo. Anayeandika msimbo hawezi kuja kuuweka kwenye kompyuta yako. Mchimbaji, yule anayetumia mashine na umeme kutengeneza bloku, yaani mafungu ya miamala, hawezi kukulazimisha uipokee bloku yake. Nodi yako, yaani kompyuta yako inayokagua kila bloku, ikiona bloku imevunja kanuni inaitupa, hata kama imechimbwa kwa umeme wa mji mzima. Kila mmoja ana uwezo wa kukataa na hakuna mwenye uwezo wa kuamuru. Anayetaka kubadili kanuni amebakiwa na njia moja, nayo ni ndefu: awatafute wote watakaoguswa na mabadiliko yake, awasikilize, na awajibu mpaka waliokuwa na sababu ya kukataa waone imejibiwa.

Mimi nilijifunza hili kwa kukosea, na kosa lenyewe bado linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nachangia kwenye mtandao mmoja mdogo wa sarafu, ambao jina lake halina haja hapa. Nilitaka tubadili namna anwani za pochi zinavyoandikwa. Pendekezo lilikuwa zuri, naamini hivyo hadi leo. Niliandika maelezo, nikaitisha kura ya wazi, na karibu wote wakasema ndiyo. Kati ya majibu palikuwa na la mzee mmoja, fundi redio wa siku nyingi, aliyekuwa akiwatunzia pochi wenzake wa kikundi cha akiba kwenye kompyuta moja ya mezani. Aliandika mstari mmoja tu: "Samahani mwanangu, na pochi za zamani zitafunguka?" Niliusoma. Nikaona ndiyo zimejaa juu yake na chini yake, nikapita.

Siku mabadiliko yalipoanza, pochi za zamani hazikuonyesha salio. Hela haikupotea, ilikuwepo palepale kwenye mnyororo, yaani daftari la pamoja la miamala yote, lakini kwa siku kadhaa mzee yule alikuwa anawaeleza watu wa kikundi chake kwamba fedha zao zipo ila hazionekani. Fikiria sentensi hiyo inavyosikika mbele ya watu waliochanga kwa shida. Alinipigia simu mara moja. Hakupandisha sauti. Alisema, "Niliuliza, mwanangu."

Tangu siku hiyo nikifungua mjadala wowote wa mabadiliko naanza na wanaokataa, kisha wanaouliza. Wanaokubali nawasoma mwisho, nikibakiwa na muda. Kukubali hakunifundishi kitu. Anayekataa ndiye anayejua kona ya mtandao ambayo mimi sijawahi kufika.

Wahandisi wanaotunga viwango vya intaneti kwenye IETF walishaliona hili zamani. Mikutanoni hawahesabu kura. Anayeongoza kikao huwaambia watu wagune, midomo imefumbwa, wanaounga mkono kwanza na wanaopinga baadaye, kisha huwageukia waliogunia upande wa kupinga na kuwauliza nini kinawasumbua. Wanachotafuta ni kama kila pingamizi limesikika na limejibiwa kwa hoja. Si lazima anayepinga apate anachotaka. Lazima apate jibu. Kwetu hata huyo wa kuongoza kikao hayupo, kwa hiyo kazi ya kuuliza "nini kinakusumbua?" inakuangukia wewe uliyeleta pendekezo.

Sasa nikupeleke kwenye mgogoro ambao kila anayeingia kazini humu anapaswa kuujua kama ajuavyo namba yake ya simu: mabishano ya ukubwa wa bloku za Bitcoin, yaliyowaka kuanzia 2015 hadi 2017.

Mwaka 2010 Satoshi Nakamoto, mwanzilishi wa Bitcoin, aliweka kikomo cha megabaiti 1 kwa kila bloku. Watu walipoongezeka nafasi ikabana, ada zikapanda, na jamii ikagawanyika. Wapo waliotaka bloku kubwa zaidi. Wapo walioogopa kwamba bloku zikikua sana, mtu wa kawaida atashindwa kuendesha nodi nyumbani na ukaguzi utabaki kwa makampuni. Nikiwa ndani ya mjadala huu nilikuwa naona wenzangu wa Ulaya wakiuchukulia kama hesabu ya karatasi. Kwangu ulikuwa bando. Nodi mpya lazima ipakue historia yote na kuikagua yenyewe. Leo ni zaidi ya gigabaiti 600. Unaweza kuiagiza ipogoe, isihifadhi bloku za zamani ikishazikagua, lakini kuzipakua lazima zipite zote. Ya kwanza niliipakua usiku, wiki nzima, kwa intaneti ya ofisi ya rafiki yangu aliyeniachia funguo. Ukishalipia mnyororo kwa mfuko wako hutausahau upande wa mwenye nodi ndogo, na nakushauri uipitie njia hiyo kabla hujapendekeza chochote.

Desemba 2015, huko Hong Kong, Pieter Wuille, mmoja wa waandishi wa msimbo wa Bitcoin, aliwasilisha pendekezo liitwalo SegWit. Ilitenganisha sahihi na sehemu inayotambulisha muamala, ikaziba kasoro ya siku nyingi iliyoruhusu namba ya utambulisho ya muamala kubadilishwa ukiwa njiani, na papo hapo ikaongeza nafasi. Ilikuwa foku laini, aina mojawapo ya kubadili kanuni. Neno hili utalisikia kila siku, kwa hiyo lishike: foku laini inabana kanuni, ili kinachopita kwenye kanuni mpya kipite pia kwenye za zamani, na nodi ambayo haijasasishwa inaendelea kufanya kazi. Foku ngumu inalegeza kanuni, na nodi ya zamani itakataa kile ambacho mpya inakubali. Hiyo ya pili inamlazimisha kila mtu ahame. Asiyehama hubaki nyuma kwenye mnyororo mwingine.

Utaratibu wa kuiwasha SegWit ulikuwa hivi: wachimbaji waweke ishara kwenye bloku zao, na ishara zikifika asilimia 95 ya bloku 2,016, yaani takriban wiki mbili, kanuni mpya ijiandae kuanza. Ishara zilifunguliwa Novemba 2016. Miezi ikapita, zikakwama mbali kabisa na 95.

Hapa ndipo penye somo ambalo nataka ulisome mara mbili. Walioutunga utaratibu ule walikusudia ishara iulize jambo moja la kifundi: uko tayari? Umeshasasisha mashine zako, au tukianza leo utachimba bloku mbovu bila kujua? Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Julai 2015, badiliko jingine lilipoanza kutumika, baadhi ya wachimbaji waliokuwa wameonyesha ishara walikuwa hawakagui bloku kikamilifu. Wakajenga bloku kadhaa juu ya moja iliyovunja kanuni, na mapato ya zaidi ya dola 50,000 yakayeyuka. Kwa hiyo swali la utayari lilikuwa na maana. Lakini wachimbaji na watazamaji walisikia swali jingine: unakubali? Na mtu akiulizwa kama anakubali, hujiona ana haki ya kudai kitu ndipo akubali. Kizingiti cha 95 kikageuka kuwa turufu mkononi mwa yeyote mwenye asilimia 6.

Wengine walikuwa na sababu ambazo hawakuzisema. Aprili 2017 Gregory Maxwell, mwandishi mwingine wa msimbo wa Bitcoin, alieleza hadharani kwamba kuna mbinu ya kupunguza gharama za uchimbaji, iitwayo ASICBoost, ambayo ikitumika kwa siri inagongana na SegWit. Sikuelezi haya ili uanze kumshuku kila anayepinga. Nakueleza ili ukikuta pingamizi linalobadilika sura kila ukilijibu, usimame ujiulize: huyu anapoteza nini hasa? Mara nyingi ukilijua hilo unaweza kulitafutia njia. Usipolijua mtajibizana mwaka mzima kuhusu jambo ambalo si lenyewe.

Kukatokea makubaliano ya vyumbani. Februari 2016 baadhi ya wachimbaji na waandishi wa msimbo walikaa Hong Kong wakaafikiana. Mei 2017 kampuni 58 kutoka nchi 22 zilitia saini New York: SegWit iwashwe, na ndani ya miezi sita bloku ziongezwe kwa foku ngumu. Waliotia saini walisema wana zaidi ya asilimia 83 ya nguvu zote za uchimbaji. Kwa hesabu ya chumbani mambo yalikwisha. Nje ya chumba, waandishi wengi wa msimbo hawakushirikishwa, na watumiaji wenye nodi zao hawakuulizwa. Watumiaji hao walikuwa tayari wanaandaa jibu lao: kuanzia tarehe 1 Agosti 2017 nodi zao zingekataa bloku yoyote isiyobeba ishara ya SegWit. Wachimbaji wakaona hatari ya kuchimba bloku ambazo sehemu ya mtandao haitazipokea, ishara zikapanda Julai, na SegWit ikaanza tarehe 24 Agosti 2017 kwenye bloku namba 481,824. Nusu ya pili ya mkataba wa New York, ile ya foku ngumu, ilifutwa na wenyewe tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, kabla haijaanza, wakikiri kwamba makubaliano ya kutosha hayakujengwa.

Kukutana ni kuzuri, na chai hulainisha mengi. Ila ukitoka chumbani toka na pendekezo, usitoke na uamuzi. Andika kilichosemwa, kiweke wazi, na uwape ambao hawakuwepo muda wa kukipinga. Kosa la New York lilikuwa kuwaletea watu tarehe.

Siku ileile ya Agosti 1 waliotaka bloku kubwa walijitenga wakaanzisha sarafu yao, Bitcoin Cash. Wengi wanalisimulia kama msiba. Mimi nadhani watu wenye malengo mawili tofauti wakiachana kwa utaratibu, kila mmoja na mnyororo wake, ni haki yao, na ndiyo maana halisi ya mtandao ambao hakuna anayelazimishwa. Muhimu ni neno "utaratibu". Bitcoin Cash iliweka kinga ili muamala wa upande mmoja usirudiwe upande wa pili. Mwaka mmoja kabla, Ethereum, mtandao mwingine ambao sarafu yake ni etha, haikufanya hivyo. Juni 2016 mtu alikuwa amechota takriban etha milioni 3.6 kutoka kwenye The DAO, mfuko wa pamoja wa uwekezaji, na tarehe 20 Julai, kwenye bloku ya 1,920,000, mtandao ukabadili kanuni ili zirudishwe. Kura iliyopigwa kwa kupima sarafu, yaani mwenye etha nyingi ana uzito zaidi, ilionyesha wingi mkubwa wa kuunga mkono, ingawa walioshiriki walishika sehemu ndogo tu ya etha zote. Waliopinga waliendelea na mnyororo wa zamani, ndio Ethereum Classic, na kwa kuwa kinga haikuwepo, muamala uliotumwa upande mmoja uliweza kuchukuliwa na kurudiwa upande mwingine. Kinga ilikuja Novemba, baada ya watu kuumia. Hata unaowashinda kwa kura uwaandalie njia ya kuondoka salama.

Usidhani lakini kwamba makubaliano lazima yachukue miaka. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi 2013, bloku namba 225,430 ilichimbwa na mtandao wa Bitcoin ukapasuka. Toleo jipya la programu yake, 0.8, lilikuwa limebadilisha hifadhidata ya ndani, na bloku hiyo ilikuwa na mambo mengi kuliko hifadhidata ya toleo la 0.7 ilivyoweza kubeba. Nodi mpya zikaikubali, za zamani zikaikataa. Hakuna aliyekusudia, kumbe hifadhidata ya zamani ilikuwa na kikomo kilichofanya kazi kama kanuni, na hakuna aliyejua. Wachimbaji wengi walikuwa upande wa 0.8, huo ndio ulikuwa mnyororo mrefu. Waandishi wa msimbo walipokusanyika kwenye soga wakatazama ni upande upi utaumiza watu wachache zaidi. Kuwaambia wachimbaji wachache wakubwa warudi 0.7 kungechukua muda mfupi. Kuwasasisha maelfu ya wafanyabiashara na watumiaji waliolala kungechukua wiki. Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye aliyeombwa arudi. Vikundi vya uchimbaji vya BTC Guild na Slush vilikubali, wakatupa bloku walizokwisha kuchimba, na wakati huo bloku moja ililipa sarafu 25. Baada ya bloku 24 mnyororo wa 0.7 ukaushika ule mwingine, na ndani ya saa chache mtandao ukawa mmoja tena. Kisha toleo la 0.8.1 likawapa watu hadi tarehe 15 Mei wasasishe kwa utulivu.

Nausoma upya usiku ule kila ninapokata tamaa. Waliulizana nani ataumia, na aliyekuwa na uwezo wa kubeba gharama akaibeba bila kuvutwa shati.

Taproot, badiliko jingine la kanuni za Bitcoin, nitaipita haraka, maana ilikwenda vizuri. Ilipendekezwa na Maxwell Januari 2018 na karibu hakuna aliyepinga yaliyomo, lakini mapema 2021 wiki kwa wiki ziliisha watu wakibishana namna ya kuiwasha tu: wachimbaji wasipoonyesha ishara, nodi zilazimishe au zisilazimishe? Suluhu ilikuwa jaribio fupi la miezi mitatu, kizingiti cha asilimia 90. Lilifaulu Juni 12, kisha wakasubiri hadi Novemba 14, bloku ya 709,632, ndipo kanuni ianze. Miezi ile mitano ya kusubiri ilikuwa heshima kwa wenye nodi. Panga na wewe muda wa namna hiyo, hata kama kila mtu anakuambia yuko tayari.

Mambo machache ya kazi ya kila siku. Kwenye Bitcoin Core, programu kuu ya nodi za Bitcoin, watu hutofautisha kukubali wazo, kukubali njia iliyochaguliwa, na kusema "nimeusoma msimbo na nimeujaribu". Usichanganye. Ukiandika tu kwamba unakubali bila kusema umefanya nini, umeongeza kelele. Anza kwa kujaribu mapendekezo ya wengine kwenye mtandao wa majaribio, na andika ulichoona hata kama ni kidogo: simu gani, toleo gani, kilichogoma. Mtu aliyejaribu kwenye simu ya bei nafuu yenye intaneti ya kukatika ana habari ambayo mtaalamu mwenye kompyuta nzuri hana. Kama Kiingereza kinakupa shida, andika sentensi fupi. Sijaona pingamizi la maana likikataliwa kwa sababu ya sarufi, ila nimeona mengi yakibaki kifuani mwa wenyewe. Vikao vya waandishi wa msimbo wa Ethereum hufanyika Alhamisi saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, ni wakati mzuri. Sikiliza miezi miwili kabla hujafungua mdomo.

Na usione aibu kusimamisha. Januari 15, 2019, zikiwa zimebaki chini ya siku mbili Ethereum iingie kwenye sasisho la Constantinople, kampuni ya ukaguzi ya ChainSecurity ilionyesha kwamba badiliko mojawapo linafungua mwanya wa wizi kwenye baadhi ya mikataba, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya mtandao huo. Waandishi walikutana siku hiyohiyo wakaahirisha, na waendesha nodi wakakimbizana usiku kuweka matoleo mapya. Badiliko hilo likaondolewa, na sasisho likaanza Februari 28. Aliyekuja na habari mbaya dakika ya mwisho alishukuriwa. Kwenye mradi wako hakikisha anaweza kuja.

Yule mzee fundi redio nilimfuata nyumbani kwake baadaye, nikamwomba radhi mbele ya wanakikundi wawili waliokuwepo. Alinionyesha kompyuta yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na daftari la mistari alilokuwa ameandika salio la kila mmoja kwa kalamu, zile siku ambazo pochi hazikuonyesha kitu. Nikamuuliza kama naweza kuwa namtumia rasimu zangu kabla sijazionyesha kwa mtu mwingine. Alisema nitume, ila niandike kwa herufi kubwa kidogo. Ya mwisho nimemtumia juzi Jumatatu. Amerudisha na maswali manne, mawili bado sijapata majibu yake, kwa hiyo rasimu bado iko kwangu.